Kuagana ni Sehemu ya Kazi

Hotuba ya vijana waliorudi kutoka mwaka wa kujitolea nchini Ujerumani, waliyoitoa mbele ya kamati za urafiki za sharika zetu za Usambara na wageni wetu wafadhili





Taarifa yetu ya mwaka mzima, pamoja na hesabu, tumeikabidhi kwa katibu kwa maandishi, na kila usharika utapata nakala yake. Kwa hiyo leo hatutaisoma. Tumekubaliana kuzungumzia jambo moja tu, ambalo halina nafasi katika fomu za taarifa, nalo ni namna ya kuaga. Kabla ya safari tulifundishwa mengi: habari za baridi, lugha, chakula, na kuwahi kazini. Juu ya siku ya kuondoka kule tulikokuwa tunakwenda, tuliambiwa tu kwamba tarehe ya tiketi haibadilishwi. Lakini tumeona kwa macho yetu kwamba kazi ya mwaka mzima inaweza kufungwa vizuri au kufumuka yote katika wiki nne za mwisho. Wengi tunadhani kuagana ni sherehe inayofanyika kazi ikishakwisha. Sisi tumerudi tukiamini kwamba ni sehemu ya kazi yenyewe.

TULIKOKUWA

Tulikwenda wanne, na leo mbele yenu tumesimama watatu. Habari ya mwenzetu wa nne tutaieleza mbele kidogo.

Tulikaa katika mji wa Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Ni mji wa bondeni, wenye miteremko mikali inayomkumbusha mtu wa Lushoto kwao. Treni yake inaning'inia kwenye reli iliyo juu ya mto Wupper, na imekuwa ikibeba watu tangu 1901. Katika mji huohuo yapo makao makuu ya UEM, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ulaya, ambao tangu 1996 unaongozwa kwa pamoja na makanisa ya mabara yote matatu.

Wajumbe wengine wameuliza tulikwenda kwa mpango gani. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wao kujitolea katika nchi kama yetu. Wengi wao mmewapokea katika nyumba zenu. Kwa miaka mitano ya kwanza njia ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Kuanzia 2013 mlango ulifunguliwa upande wa pili, ili na vijana wa huku waende kule. Tukiwa Ujerumani tuliingia katika Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho, iliyoanzishwa 2011 wakati Ujerumani iliposimamisha sheria ya kuwalazimisha vijana wa kiume kwenda jeshini. Mtu wa kujitolea hapewi mshahara. Anapata mahali pa kulala, chakula, bima na posho ndogo ya mwezi, na kwa vijana wa umri wetu kuna siku 25 za semina katika mwaka.

Wawili kati yetu walifanya kazi katika nyumba ya wazee ya kanisa, mmoja katika shule ya chekechea, na mmoja katika karakana ya watu wenye ulemavu.

WAO HUANDIKA, SISI HUSINDIKIZA

Huku kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, unamshikia mzigo, unakwenda naye hadi njia panda, na mara nyingi mazungumzo ya maana kuliko yote hufanyika hapo njiani. Asiyesindikizwa huondoka na swali moyoni.

Kule kuaga kulianza na karatasi. Ilipobaki miezi mitatu tulipewa orodha. Anayehama nchi lazima aende ofisi ya mji kujiondoa katika daftari la wakazi, naye hupewa cheti cha kuonyesha kwamba amejiondoa. Mkataba wa simu haufi wenyewe. Unaandikiwa barua ya kuusimamisha kabla ya muda wake, la sivyo fedha huendelea kukatwa. Akaunti ya benki inafungwa. Bima inapewa taarifa. Funguo zinarudishwa na kutiliwa sahihi. Mwisho wa huduma, kila wa kujitolea anapewa cheti cha maandishi kinachoeleza alifanya nini, na hiyo ni haki yake kwa mujibu wa sheria.

Mwanzoni tuliona ubaridi katika mambo hayo. Mmoja wetu alisema tunaagwa kama mizigo ya bandarini. Lakini orodha ilikuwa na mstari mmoja uliotufungua macho: daftari la makabidhiano. Msimamizi wa nyumba ya wazee alikaa na wenzetu jioni mbili nzima. Aliuliza: huyu mama anapenda kuoshwa uso kwa maji ya moto au ya vuguvugu? Yule mzee anayekataa kula, wewe unamwambia nini hata anakubali? Nani anaogopa giza? Nani anafurahi akiimbiwa? Yote aliyaandika, ili atakayekuja baada yetu asianze gizani, na wazee wenyewe wasilazimike kujieleza upya kwa mgeni mwingine.

Hapo tukaelewa kwamba kuandika ndiko kusindikiza kwao. Sisi tunamsindikiza anayeondoka. Wao kwa daftari lile walikuwa wanawasindikiza wanaobaki. Tunadhani sharika zetu zinahitaji yote mawili.

KUMUAGA MTU ATAKAYESAHAU

Katika nyumba ile ya wazee wengi wana ugonjwa wa kusahau. Mama mmoja aliwauliza wenzetu swali lilelile kila jioni, mwaka mzima: "Kesho utakuja?" Na kila jioni jibu lilikuwa, "Nitakuja, mama." Zamu ya mwisho ilipokaribia, swali hilo likawa zito kuliko kumwinua mgonjwa. Kumjibu "nitakuja" ni uongo. Kumjibu "sitakuja tena" ni kumwachia majonzi ambayo asubuhi hatajua yametoka wapi.

Wauguzi wa pale walitupa mashauri ya watu waliokwisha kuaga mara nyingi. Kwa wazee wenye kumbukumbu, semeni mapema. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukumbini, waizoee. Kwa wale wanaosahau, msiwasumbue kwa wiki nne na habari itakayowaumiza upya kila siku. Waageni siku yenyewe, kwa maneno machache, mkiwa mmeketi, si mkiwa mmesimama mlangoni. Msidanganye. Shukuruni.

Basi jioni ya mwisho mama yule aliuliza, "Kesho utakuja?" Mwenzetu akamshika mkono, akasema, "Kesho atakuja dada mwingine, anaijua chai yako. Mimi narudi kwa mama yangu. Asante kwa kunipokea." Yule mama akafikiri, kisha akasema, "Msalimie mama yako." Salamu hizo zimefika. Mama wa mwenzetu ameketi hapa, safu ya tatu.

Tunalisema hili kwa sababu wazee wale wengi hatutawaona tena duniani. Katika mwaka mmoja tulishuhudia vifo kadhaa. Kila alipofariki mmoja, palikuwa na meza ndogo ukumbini yenye picha yake, mshumaa na kitabu, na kila mtu aliandika neno, wapishi na wafanya usafi pia. Huku sisi tunakesha msibani, tunapika, tunaimba, tunachimba kaburi kwa mikono yetu. Kule mambo ni ya kimya mno, na mtu wa kwetu anaweza kudhani hawana uchungu. Uchungu wanao, na wanauandika.

WATOTO NA KARAKANA

Kwa mtoto wa miaka minne neno "mwezi ujao" halina maana. Mwalimu wa chekechea alileta chupa ya kioo yenye vijiwe ishirini. Kila siku ya kazi mtoto mmoja alitoa kijiwe kimoja. Watoto waliona kwa macho jinsi siku zilivyopungua, nao wakauliza maswali yao mapema: Huko kwenu kuna vitanda? Umekasirika na sisi? Swali hili la pili lilirudi mara nyingi. Mtoto akiachwa ghafla hudhani amefanya kosa. Wenzetu wa vituo vya kulelea watoto mnalijua hili. Wageni wa miezi mitatu, wa miezi sita na wa mwaka hupita katika vituo vyetu, hubeba watoto mgongoni, kisha siku moja hawapo. Tunaomba chupa ya vijiwe, au hata kokoto katika kopo, iwe desturi ya kila kituo.

Katika karakana, wafanyakazi wenye ulemavu hufunga misumari na vifaa kwenye maboksi kwa ajili ya viwanda. Mmoja wao, mtu mzima mwenye umri wa baba zetu, alimuuliza mwenzetu waziwazi: "Utaniandikia?" Mwenzetu alitaka kusema ndiyo, maana ndilo neno jepesi siku ya kuagana. Akanyamaza kidogo, akajibu: "Nitakuandikia mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku yako ya kuzaliwa." Yule bwana akatoa kalamu, akaandika tarehe yake ya kuzaliwa kwenye karatasi. Kwake yeye mara mbili zilizo na tarehe zilikuwa na thamani kuliko "mara kwa mara" isiyo na siku. Ahadi ni deni, na deni linalolipika ni lile lenye kiasi.

BAHASHA

Sasa tuseme jambo linalowahusu zaidi waweka hazina na wafadhili wetu.

Jumapili ya kuagwa, usharika rafiki ulitupikia keki na kahawa baada ya ibada. Watu walizungumza nasi kwa upendo mwingi. Wengine walikuwa na machozi. Na katika saa ile ya machozi, mikono ilianza kuingia mifukoni. Mmoja alitupa bahasha "ya watoto wa kwenu". Mwingine alisema atamlipia mtoto mmoja ada mpaka amalize shule, tumchagulie sisi. Mwingine akauliza kanisa letu lina shida gani kubwa, na tulimwona wazi kwamba tukitaja paa, paa litaahidiwa palepale.

Ndugu zetu, hiyo ni saa ya hatari. Anayetoa anataka kupunguza uchungu wa kuachana, na anayepokea anaogopa kuonekana hana shukrani. Huku nyumbani nako, kila mwenye ndugu aliyekwenda Ulaya anatazama masanduku. Masanduku yetu yalikuwa na kilo 23 kila moja, na mengi humo ndani yalikuwa vitabu na makoti.

Tulikuwa tumekubaliana mapema, sisi wanne, na jibu letu lilikuwa moja kwa wote. Tuliwashukuru, tukaomba kila bahasha ipewe mwenyekiti wa kamati yao ya urafiki, iandikwe, na ipite katika akaunti inayojulikana na pande zote mbili. Kuhusu mtoto wa kusomeshwa, tulisema uchaguzi ni kazi ya kamati huku nyumbani, pamoja na walimu wanaojua nani ana shida kweli. Kuhusu paa, tulisema usharika wetu una mpango wake, na mpango huo utaletwa kwa barua. Wapo walioshangaa kidogo. Lakini mweka hazina wao, mama mzee, alitushika mkono akasema amelala macho wazi miaka mingi kwa sababu ya fedha za bahasha ambazo hakujua ziliishia wapi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata urafiki hupotea hivyo hivyo. Mtoto aliyeahidiwa ada siku ya machozi, kisha ada ikakoma darasa la sita, hujifunza jambo baya juu ya kanisa na juu ya wageni, na hakuna barua itakayomfundisha vinginevyo.

MWENZETU WA NNE

Tulikwenda wanne. Mwenzetu mmoja amebaki Ujerumani. Hakutoroka wala hajavunja sheria ya nchi ile. Amepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi, ya miaka mitatu, yenye mkataba na posho, na kibali chake cha kuishi kimebadilishwa kwa njia iliyo halali. Kabla ya kutia sahihi aliwapigia wazazi wake, kisha akaiandikia kamati yetu barua. Barua hiyo ipo katika jalada la katibu.

Tunajua kuna minong'ono. Wapo wanaosema ametuachia aibu, maana tuliahidi kurudi wote, na wafadhili watatuona waongo. Wapo wanaosema amefanya la maana, na wangekuwa wao wangefanya vilevile. Sisi watatu wenyewe hatuna mawazo mamoja. Mmoja wetu anaona nafasi hiyo ingemngoja hata angerudi kwanza na kutoa taarifa. Wawili wanaona nafasi kama ile haimngoji mtu. Na sote tunajua kwamba zahanati za vijijini kwetu zinahitaji wauguzi, na kwamba nyumba za wazee za Ujerumani nazo zinawahitaji; uzito wa maneno hayo mawili hatuwezi kuutatua katika hotuba moja.

Lakini tunaloliomba leo ni dogo, na lipo ndani ya uwezo wetu. Kijana yule aliagwa hapa, mbele ya madhabahu, kwa mwaka mmoja. Kwa miaka minne hakuagwa. Yuko kule kama mtu aliyetoka nyumbani bila kusindikizwa, na kila Jumapili anajiuliza kama bado ana kwao. Tunaomba kamati imwandikie. Asiandikiwe barua ya kumlaumu wala ya kumsifu. Aandikiwe barua ya kumuaga upya, ikitaja jina lake katika maombi, ikimuuliza anatarajia nini baada ya miaka hiyo mitatu, na ikimwambia usharika unatarajia nini kwake. Mtu aliyeagwa anajua njia ya kurudi.

ALIYEONDOKA TUSIPOKUWEPO

Iko pia kuaga ambako hakukuwezekana. Mwezi wa pili, katika theluji, mmoja wetu alipigiwa simu kwamba babu yake amefariki. Nauli ya dharura haikuwamo katika posho, na maziko yalikuwa kesho yake. Hakuweza kurudi.

Tunataka kamati zijue walichofanya wazee wa mtaa ule, maana pengine wao wenyewe wamesahau. Mzee wa kanisa alimpigia simu baada ya maziko, akamweleza hatua kwa hatua: nani alihubiri, nyimbo zipi ziliimbwa, nani alitupa udongo kwa niaba yake. Hayo maneno "kwa niaba yako" yalimbeba hadi kiangazi. Na tuliporudi, kabla ya kula chakula cha kukaribishwa, wazee wawili walimchukua hadi kaburini, wakasimama naye, wakaomba, wakarudi naye. Hakuna mfadhili aliyelipia jambo hilo, wala halimo katika bajeti yoyote. Lakini ndilo lililomwezesha kumaliza mwaka bila kuvunjika moyo.

MFANO WA MILETO

Tulipokuwa tunatafakari haya katika semina ya mwisho, tulisoma habari za Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Amekaa Efeso miaka mitatu, naye anajua hatarudi. Anawaita wazee wa kanisa waje Mileto. Tuliorodhesha anayofanya pale. Anakumbusha kazi ilivyokuwa, pamoja na machozi yake. Anatoa hesabu: hakutamani fedha, dhahabu wala mavazi ya mtu, na alijitegemea kwa mikono yake. Anasema ukweli mgumu, kwamba hawataonana tena na kwamba shida zinakuja. Hawaahidi mradi wowote. Anawakabidhi kwa Mungu, na kazi anawaachia wao. Ndipo wanapiga magoti, wanalia, na kumsindikiza hadi kwenye meli. Hesabu zilitangulia, machozi yakafuata.

Na kanisa letu wenyewe lina mifano. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wamisionari wa Kijerumani walilazimishwa kuondoka nchini, na katika Vita ya Pili wakaondolewa tena. Huko hakukuwa kuagana, kulikuwa kung'olewa. Waliobaki, yaani wainjilisti, walimu na wazee, babu za babu zetu, walishika kazi ambayo wengi hawakuwahi kukabidhiwa rasmi, na kanisa halikufa.

Lakini iko pia njia nyingine. Mwaka 1961 kanisa la Bukoba lilipata askofu, Bengt Sundkler, msomi kutoka Sweden. Hakukaa hadi uzee. Mwaka 1964 nafasi hiyo ilishikwa na Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira huyo alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mgeni akijua wakati wa kuondoka, na mwenyeji akiwa ameandaliwa, kazi huendelea mbele.

TUNAYOOMBA

Kwa kamati zetu za urafiki, na kwa wenzetu wa upande wa pili, tunaleta maombi haya:

1. Kila mgeni anayekuja na kila kijana anayekwenda awe na kikao cha kuaga kinachofanyika mwezi mmoja kabla ya sherehe ya kuaga. Katika kikao hicho hesabu zifungwe, funguo zirudi, na kila jambo lililoachwa nusu litajwe pamoja na jina la atakayelibeba.

2. Pawepo daftari la makabidhiano katika kila kituo kinachopokea watu wa kujitolea. Daftari la shilingi chache linatosha.

3. Siku ya sherehe isiwe siku ya ahadi. Anayetaka kutoa aandikishe jina, na kamati imjibu kwa barua baada ya mwezi mmoja. Ahadi iliyo ya kweli itakuwa bado ipo.

4. Msaada wa mtoto mmoja mmoja upitie kamati, uandikwe ni wa miaka mingapi, na mzazi aambiwe tangu mwanzo mwisho wake ni lini.

5. Watoto wa vituo waelezwe mapema kuhusu kuondoka kwa mlezi mgeni, kwa njia wanayoweza kuiona kwa macho.

6. Kijana anayerudi apewe kazi. Sisi tumerudi na lugha, na mazoea ya kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu. Tukikaribishwa kwa pilau kisha tukaachwa, mwaka mmoja utakuwa umepotea. Tupeni wazee wa mtaa wa kutembelea, kuanzia Jumamosi hii.

7. Anayebaki ughaibuni kwa njia halali asifutwe katika orodha ya washarika. Aandikiwe.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: fedha mlizotoa zilitulipia tiketi, bima na masomo ya lugha. Mkiulizwa na wenzenu zimezaa nini, msitafute jengo la kupiga picha. Wapo wazee katika nyumba moja ya Wuppertal ambao waliogeshwa, wakalishwa na kuimbiwa na vijana wa Usambara, kama vile vijana wenu walivyofundisha na kutibu watoto wetu. Deni la upande mmoja limeanza kuwa ujirani wa pande mbili. Endeleeni kulilipia hilo, na mtuulize maswali magumu.

Kwa wenyeji wetu wa kule, ambao wengine watasomewa hotuba hii kwa lugha yao: hatujui ni nani kati yetu ataonana tena na nani. Wahenga wetu husema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Tunaomba iwe hivyo. Isipokuwa hivyo, kazi tuliyofanya pamoja ilikabidhiwa vizuri, na hilo linatutosha.

Barua ya mwenzetu wa nne tumekwisha kuianza, ukurasa wa kwanza. Iko mezani kwa katibu pamoja na kalamu. Tunaomba kila mjumbe apite hapo akitoka, aandike mstari mmoja.